Ni tabia yake, au anaumwa?

"Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na mambo yafuatayo?" Hii sentensi nimeisoma kwa sauti mbele ya watu wengi mno, maana kuna kipindi kazi yangu ilikuwa udadisi, wale watu wanaokuja na kishikwambi wanakaa na wewe kwenye benchi la kliniki, wanauliza, unajibu, wanabonyeza. Baada ya hiyo sentensi yanakuja maswali tisa: kukosa hamu ya kufanya vitu, huzuni au kukata tamaa, usingizi, uchovu, kula, kujiona umeshindwa maisha, akili kutotulia, kuwa mzito au kuhangaika mpaka watu wanaona, na la mwisho ni mawazo kwamba bora ungekufa au ya kujidhuru. Kila swali lina majibu manne kuanzia hapana kabisa ambayo ni 0 mpaka karibu kila siku ambayo ni 3, unajumlisha unapata namba kati ya 0 na 27. Dodoso lenyewe ni la kupima sonona, ule ugonjwa ambao Kiingereza wanauita depression, na linaitwa PHQ-9, lilichapishwa mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams wa Marekani, ni fupi na ni bure, ndo maana limesambaa dunia nzima mpaka kwenye kliniki zetu.

Sasa kitu nilichokiona kwenye yale mabenchi ni kwamba watu hawajibu kuhusu wiki mbili. Unamuuliza mama wa watu kuhusu wiki mbili, yeye anakujibu kuhusu maisha yake yote. "Mwanangu, mimi usingizi sina tangu nimeolewa." "Mimi ndo nilivyo bwana, mtu wa mawazo." Na akiwa kasindikizwa na ndugu basi ndugu anadakia hapohapo, huyu msimshangae, ndo alivyo, mkimya tangu zamani. Wewe una kishikwambi mkononi na kina vitufe vinne tu, hakuna kitufe cha "ndo alivyo".

Mimi nimebaki na hilo jambo kichwani muda mrefu, hata baada ya kuacha ile kazi. Kuna hali mtu aliyonayo sasa hivi na kuna tabia anayoishi nayo miaka yote, na sonona inakaa katikati ya hivyo viwili kiasi kwamba ni rahisi sana kuvichanganya. Na tukivichanganya watu wanaumia, pande zote mbili: kuna anayeumwa kweli akaachwa miaka kwasababu familia imeshaamua ni tabia yake, na kuna aliyepitia wiki mbili mbaya akajipa jina la mgonjwa wa maisha.

Tuanze na tabia maana hiyo ndo watu wengi hawajui kwamba nayo inapimwa. Mwaka 1936 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Henry Odbert, walikaa na kamusi kubwa ya Kiingereza wakaokota maneno yote yanayoweza kumwelezea binadamu, wakapata maneno 17,953. Wazo lao ni kwamba kama kuna kitu muhimu kinachotofautisha watu basi lugha itakuwa imeshakipa jina. Waliokuja baadaye wakayapunguza yale maneno, wakawauliza watu, wakapiga hesabu kuona yapi yanatembea pamoja, na baada ya miongo kadhaa wengi wakakubaliana kwenye makundi matano makubwa ya tabia. Moja kati ya hayo matano ndo linalohusiana na sonona kuliko mengine yote, linaitwa nyurotisizimu. Ni ule wepesi wa kupata hisia mbaya: mtu anayeshtuka haraka, anayeumizwa na neno dogo akakaa nalo siku nzima, mwenye wasiwasi, ambaye moyo unapanda na kushuka. Hans Eysenck, aliyefanya kazi London miaka mingi, aliweka kwenye dodoso lake maswali ya aina hii: je moyo wako hubadilika badilika mara kwa mara? Je wewe ni mtu wa wasiwasi? Je huumizwa kirahisi? Ona hapo hakuna wiki mbili. Swali linauliza wewe kwa kawaida ukoje.

Na hiyo tabia inatabiri kweli. Sweden walikuwa na mapacha zaidi ya 20,000 waliojaza dodoso la tabia miaka ya 1972 na 1973, halafu miaka 25 hivi baadaye Kenneth Kendler na wenzake wakaangalia nani alikuja kupata sonona, na wale waliokuwa na nyurotisizimu ya juu ndo walioangukia huko zaidi. Fikiria, dodoso ulilojaza kijana linasema kitu kuhusu wewe ukiwa mtu mzima. Lakini naomba hapa tusikimbie. Kuwa kwenye hatari zaidi haimaanishi unaumwa. Wako wengi wenye wasiwasi wa kuzaliwa nao ambao wanaishi mpaka uzee bila kuugua sonona hata mara moja, na wako watu wachangamfu, watu wa kicheko, ambao imewaangusha vibaya mno.

Alafu kuna shida ya ndani ambayo wataalamu wenyewe wanaijua. Dodoso maarufu la makundi matano, la Costa na McCrae, toleo la 1992 lenye maswali 240, limeigawa nyurotisizimu vipande sita, na kipande kimojawapo kinaitwa sonona. Sasa ukipima nyurotisizimu kwa maswali ambayo baadhi yake yanauliza huzuni, halafu ukapima sonona kwa maswali yanayouliza huzuni, lazima vitafanana, sehemu ya ule uhusiano umeutengeneza mwenyewe. Haimaanishi uhusiano wote ni wa uongo, wale mapacha wa Sweden wanaonyesha kuna kitu, ila ukisoma mahali kwamba tabia fulani "ina uhusiano mkubwa" na sonona nenda kaangalie maswali yenyewe kwanza.

Niwaambie kuhusu mama yangu mdogo, na nimeruhusiwa naye kuandika.

Mama mdogo anaishi Morogoro. Mimi nilipoanza kumfahamu vizuri nilikuwa shule ya msingi, tulikuwa tunapelekwa kwake likizo, na huyo niliyemkuta alikuwa mtu wa kukaa. Anapika, anafagia, anakaa. Ukimuuliza kitu anajibu neno moja. Hakuwa mkali, hakuwa analia, hakuna aliyewahi kumwona analia. Wakwe zake walisema huyu mwanamke Mungu kamjalia utulivu, na majirani wa pale, ambao walihamia wakati yeye ameshakuwa hivyo, walikuwa wanamsifia kabisa, mke wa fulani hana maneno. Kila mtu aliyemzunguka alimfahamu akiwa hivyo, kwahiyo kwao hicho ndicho kipimo cha kawaida yake.

Aliyegoma ni bibi. Bibi alikuja Morogoro kukaa mwezi akimuuguza babu pale hospitali, akamwangalia mwanae, na siku moja akawaambia watu wazima wote waliokuwepo kwamba huyu si mwanangu ninayemjua. Mwanangu alikuwa anaongoza kwaya. Mwanangu alikuwa anaongea mpaka unamwambia mama nyamaza kidogo nipumzike. Tangu azike yule mtoto wake wa kwanza hajarudi. Ilikuwa imepita miaka, na miaka yote hiyo mtu anaitwa mtulivu.

Kwa bahati nzuri pale kituo cha afya kulikuwa na nesi aliyefundishwa kuuliza haya mambo, akamuuliza, na alama zake zilikuwa juu, akapelekwa kwa daktari, akaanza dawa na mazungumzo ya kila wiki. Haikuwa haraka. Dawa za sonona zinachukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona tofauti, na kuna kipindi alitaka kuacha, bibi ndo aliyekuwa anampigia simu kila asubuhi umemeza? Lakini alirudi. Leo ukienda Morogoro utamsikia kabla hujamwona.

Na sasa sikiliza sehemu ambayo mimi imenifundisha kuliko madodoso yote. Mama mdogo amepona lakini bado ni mtu wa wasiwasi. Ukipanda basi kutoka kwake kwenda Dar atapiga simu Chalinze, atapiga Kibaha, ukishuka Mbezi atapiga tena. Ukichelewa kujibu ujumbe anaanza kuwaza ajali. Bibi anasema hivyo alikuwa tangu mtoto, kuku akipotea yeye ndo hapati usingizi. Kwahiyo tabia ilikuwepo kabla, ilikuwepo wakati wa ugonjwa, na imebaki baada ya ugonjwa kuondoka. Ule ukimya ambao kila mtu aliuita tabia ndo ulikuwa ugonjwa, na ule wasiwasi ambao mtu angedhani ni ugonjwa ndo tabia yake. Watu waliokuwa wanamwona kila siku walikuwa wamevigeuza.

Hii si ajabu ya familia yetu. Mtu akiwa ndani ya sonona ukimpa dodoso la tabia, namba ya nyurotisizimu inapanda, na akipata nafuu inashuka, kwasababu ukiwa kule chini unakumbuka maisha yako yote kwa rangi ya pale ulipo. Unaulizwa kwa kawaida ukoje, unajibu nimekuwa hivi siku zote, na unaamini unachosema. Ndo maana wale wa Sweden wana uzito, dodoso lilijazwa miaka mingi kabla. Na ndo maana mimi mtu akiniambia amefanya tesiti ya tabia mtandaoni akiwa kwenye kipindi kibaya na imemwambia yeye ni mtu wa aina fulani, namwambia rudia ukiwa umekaa sawa. Mvua ya wiki mbili haikwambii Dodoma ni mji wa mvua.

Na hata hiyo tabia yenyewe si jiwe. Mwaka 2017 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 207 za watu waliopata matibabu au msaada wa aina mbalimbali, wakakuta tabia zinabadilika, na iliyobadilika zaidi ni hiihii nyurotisizimu, watu wakawa watulivu zaidi wa hisia, kwa wastani wa wiki 24 hivi za matibabu. Kwahiyo hata yule anayesema mimi ni mtu wa wasiwasi tangu nizaliwe, ana haki ya kusaidiwa.

Kitu kingine kuhusu mama mdogo ni kwamba hakuwa analia. Watu wetu wakifikiria sonona wanafikiria machozi, na kama hakuna machozi basi hakuna shida. Mwaka 1988 Watson, Clark na Tellegen walitoa dodoso fupi la maneno 20, kumi ya hisia nzuri na kumi ya hisia mbaya, na jambo la maana lililotokana na kazi yao ni kwamba hisia nzuri na hisia mbaya si ncha mbili za kamba moja. Unaweza ukawa huna huzuni kubwa na hapohapo furaha haipo. Mwaka 1991 Clark na Watson wakaeleza kwamba hisia mbaya kwa ujumla zinapatikana kwenye wasiwasi na kwenye sonona vilevile, ila kukauka kwa hisia nzuri ndo kunakoitambulisha sonona zaidi. Ukiniuliza mimi, hii ndo ingefundishwa kwanza kwa kila mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Usimuulize mama wa watu kama ana huzuni tu, atakwambia hana, na atakuwa anasema kweli. Muulize kitu gani ulikuwa unakipenda, na mara ya mwisho umekifurahia lini. Mama mdogo angejibu kwaya, na angeshindwa kukumbuka lini.

Kuna na lile la kuwaza. Tunasema mtu ana mawazo, na mitaani ni kama maradhi yanayojitegemea, na sidhani kama mitaa imekosea. Susan Nolen-Hoeksema alikuwa anafundisha Stanford, California, na alikuwa anachunguza watu wanaolizungusha jambo kichwani: kwanini mimi, kwanini najisikia hivi, nina shida gani. Alishawapima wanafunzi kwa dodoso lake, na siku 14 baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, likapiga tetemeko kubwa pale eneo la San Francisco. Basi akawa na kitu ambacho watafiti hawakipati, vipimo vya kabla ya balaa. Aliporudi kuwapima, wale waliokuwa wazungushaji tangu kabla ndo waliokuwa na dalili nyingi za sonona hata wiki saba baada ya tetemeko. Tetemeko lilikuwa la wote. Hiki napenda kukisema kwasababu kuzungusha mawazo kunaonekana ni tabia lakini ni jambo mtu anaweza kufundishwa kulikatisha, kwa kuamka akafanye kitu, kwa kuongea na mtu anayesikiliza, kwa tiba ya mazungumzo.

Turudi kwenye namba, maana kuna watu wanaiamini namba kupita kiasi na kuna wanaoidharau kabisa.

Chukua watu wawili wote wana alama 12 kwenye PHQ-9. Wa kwanza amepata 3 kwenye usingizi, 3 kwenye uchovu, 3 kwenye kula na 3 kwenye kuwa mzito. Wa pili amepata 3 kwenye huzuni, 3 kwenye kukosa hamu, 3 kwenye kujiona hafai na 3 kwenye mawazo ya kufa. Namba ni ileile na hawafanani hata swali moja. Wa kwanza anaweza akawa ana upungufu wa damu, au ana mimba changa, au ametoka kuugua malaria, au ana mtoto wa wiki tatu anayenyonya usiku kucha. Wa pili usimwache aondoke peke yake. Mwaka 2015 wataalamu wawili, Fried na Nesse, waliangalia wagonjwa 3,703 wa utafiti mmoja mkubwa wakakuta michanganyiko ya dalili 1,030 tofauti, wote wanaitwa wana ugonjwa mmoja. Na Fried alipoweka madodoso saba yanayotumika sana pembeni pembeni akahesabu dalili 52, asilimia 40 ya hizo zinaonekana kwenye dodoso moja tu na hazipo kwenye mengine. Kwahiyo unapima nini inategemea umeshika karatasi ipi. Ile ya Max Hamilton ya mwaka 1960 ina maswali matatu ya usingizi peke yake, dawa inayosinzisha tu inaweza kuishusha ile namba. Ya Aaron Beck ya 1961 inakaa zaidi kwenye mawazo ya kujilaumu na kujiona hufai. Ile ya Edinburgh ya 1987 ya akina mama waliojifungua imeziacha kwa makusudi dalili nyingi za mwili, kwasababu mama aliyejifungua kuchoka ni lazima, na kwakweli nilipoijua hiyo sababu niliwaheshimu sana walioitengeneza.

Na hesabu nyingine ambayo napenda kila mtu aijue. Utafiti wa kwanza wa PHQ-9 ulisema ukiifanya alama 10 ndo mpaka, yaani kuanzia hapo mtu anahesabiwa huenda anaumwa, inawakamata asilimia 88 ya wenye sonona na inawaacha salama asilimia 88 ya wasio nayo. Inasikika vizuri sana. Sasa tuseme kliniki yako imepima watu 1,000 na kati yao 70 ndo wana sonona kweli. Itawakamata 62 hivi na itawapita 8. Kwa wale 930 wasio nayo, asilimia 12 watavuka mpaka, ambao ni kama 112. Jumla una watu 174 wenye alama za juu na kati yao wanaoumwa ni 62, kama theluthi moja na kidogo. Ndo maana dodoso ni la mchujo, baada ya hapo lazima mtu mwenye ujuzi akae na yule mgonjwa waongee. Na ndo maana unapofanya tesiti kwenye simu saa sita usiku ikakwambia una sonona ya wastani, usilale na hilo jibu kama hukumu, na usilitupe pia, kesho nenda kwa mtu.

Kuna wanaoniambia lakini haya mambo ni ya wazungu, maswali yametoka Marekani, Mwafrika ana sonona gani. Hili linaniuma kwasababu lina historia yake, na historia yenyewe si yetu. Aliyelisema kwa sauti kubwa ni J. C. Carothers, daktari mkoloni aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ambaye mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Aliona sonona ni nadra kwa Waafrika. Alikuwa anawahesabu waliofikishwa Mathari, na mtu anayefikishwa Mathari enzi hizo ni yule aliyevuruga mtaa, yule aliyekaa kimya ndani kwake kama mama yangu mdogo nani angempeleka? Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya kuwafuata watu majumbani kwenye vijiji viwili vya Uganda, wakakuta sonona ipo, tena kwa wanawake ni zaidi kuliko wanawake wa Camberwell, London, waliopimwa kwa njia hiyohiyo. Ilikuwepo muda wote.

Kuhusu maswali kutoka nje, hapo wana hoja na kuna watu wameifanyia kazi. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake mwaka 2008 walitoa matokeo ya dodoso la maswali 19 lililotengenezwa hapahapa Dar es Salaam kwa kutumia namna watu wa hapa wanavyoelezea shida zao. Zimbabwe wana la kwao la Kishona tangu miaka ya 1990, ambalo linaanza na kuwaza sana, na ndo wanalolitumia wale bibi wa Benchi la Urafiki lililoanzishwa na Dixon Chibanda huko Harare mwaka 2006, bibi wa mtaani waliofundishwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki wakamsaidia kutatua jambo moja moja, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili zilishuka kweli. Rwanda baada ya mauaji ya kimbari Paul Bolton aliwauliza wananchi kwanza shida zao wanazielezaje, ndipo akaenda kuangalia kama dodoso la Marekani linazigusa, na kwa sehemu kubwa upande wa sonona lilikuwa linazigusa.

Upande wa tabia Afrika Kusini wamefika mbali. Walikwenda kwa wasemaji wa lugha zote 11 rasmi za wakati ule, wakawaomba watu wawaelezee watu wanaowafahamu, na dodoso lililotoka humo lina nyurotisizimu ndani yake kama kule kwingine, lakini sehemu kubwa kabisa ni kuhusu mtu anavyoishi na wenzake, anayepatanisha, anayesaidia, au anayegombanisha. Mimi nikisoma hivyo nasema sawa kabisa. Ukimuuliza bibi yangu mama mdogo yukoje hatakwambia ana wasiwasi, atakwambia anajali watu. Natamani kwa Kiswahili ifanyike kazi ya ukubwa ule, kuanzia Lamu mpaka Lubumbashi, maana watu tupo.

Nimalizie na swali la tisa, la mawazo ya kufa. Wadadisi wengi wanalisoma haraka, sauti inashuka, kwasababu linatisha, na kuna wanaohofia kwamba ukimuuliza mtu utamtia wazo. Tafiti hazijaonyesha hivyo, kuuliza hakumsukumi mtu, na wengi wanapumua pale mtu anapowauliza moja kwa moja. Lakini pia kuna sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 217 inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume na katiba. Sasa wewe mwenye kishikwambi ni mgeni, unaandika majibu, na unamuuliza mtu jambo ambalo anaweza kuamini litampeleka polisi. Atabonyezewa sifuri. Alama zake zitashuka, jedwali litaonekana zuri, na yeye atarudi nyumbani nalo. Mimi naamini kifungu hicho kiondoke, na kikiondoka takwimu zetu zitapanda mwanzoni, hilo lisitutishe, itakuwa watu wameanza kusema.

Na kama nyumbani kwenu yupo mtu ambaye wote mmekubaliana ndo alivyo, msimpe dodoso kwanza. Mtafuteni aliyemjua zaidi zamani, mama yake, rafiki wa shule, yule waliyekuwa wanaimba naye, mumuulize alikuwaje kabla. Mkisikia kuna kabla na kuna baada, mpelekeni hospitali ya wilaya, mkiulizwa tatizo mseme hivyohivyo, alikuwa hivi, tangu lini akawa hivi. Daktari ataandika na dodoso atalitoa yeye, na arudie kulitoa baada ya wiki kadhaa ili zile namba mbili zilinganishwe. Na kama mgonjwa amejibu chochote zaidi ya sifuri kwenye swali la tisa, asirudi nyumbani peke yake siku hiyo, alale na mtu, dawa za mende na za panya zitolewe ndani, na simu ya yule nesi iwe kwa zaidi ya mtu mmoja.